eBird, iNaturalist, BirdLasser ao kaye: ya kuhesabia pungu ni gani?

Yambo bandugu. Kuna kijana mmoja wa Katuba, hapa kwetu Lubumbashi, tunaimba naye kwaya, alinifuata kisha misa akaniuliza, "Yaya, sisi tuko vijana sita, tuko na telefone tatu na darubini moja, tunataka kuanza kuhesabu wale ndege wakubwa wanaopotea, sasa tupakue apli gani?" Nikamjibu haraka haraka pale mlangoni na jibu langu halikunitosha hata mimi mwenyewe, juu swali lake lina mambo mengi ndani, na si yeye peke yake anayeniuliza. Basi nimekaa niandike vizuri, nilinganishe zile njia nne, apli tatu na kaye, ni kusema daftari, ambazo nimezitumia mwenyewe barabara ya Kasenga na upande wa Kipushi, nyie mchague.

Kwanza tuelewane tunahesabu nani. Mimi namtafuta pungu. Njo yule tai mweusi mwenye uso mwekundu na miguu myekundu, Wafaransa wanamuita bateleur, mtu wa sarakasi, juu akiwa angani anayumba kushoto, anayumba kulia, kama mtu anayetembea juu ya kamba. Mkia wake ni mfupi mno, kwa mbali utasema umekatwa na panga, na akipita karibu unaona vidole vya miguu vinatokeza nyuma ya mkia. Dume na jike unawajua kwa chini ya bawa: jike ni jeupe lenye ukingo mwembamba mweusi, dume ule ukingo mweusi ni mpana. Mtoto wake ni wa kahawia na mkia wake mrefu kidogo, anaweza kukudanganya ukafikiri ni ndege mwingine kabisa, na anachukua miaka kama 7 ao 8 mpaka avae nguo za ukubwa. Jike anataga yai 1 tu. Sasa fikiri mwenyewe, ndege wa yai moja na utoto wa miaka saba, ukimuua mkubwa mmoja, lini pengo lake litajazwa?

Na wanauawa. Pungu anakula nyama aliyowinda lakini anakula na mizoga pia, kwa hiyo mtu akiweka sumu ndani ya mzoga ili aue simba ao fisi ao mbwa wa pori, pungu njo kati ya wale wanaofika mapema na kuanguka. Sumu hiyo haichagui. Mnamo Juni 2019 kule Botswana walikuta tumbusi 537 wamekufa mahali pamoja pamoja na tai wawili, juu ya mizoga ya tembo iliyotiwa sumu na majangili. Kwetu huku kuna na lile tunaloliona kila siku, makala, ule mkaa wa kupikia. Mti mkubwa wa pori wenye kichwa kipana, ule pungu anapenda kujenga, njo ule ule unaotoa magunia mengi. Tangu 2020 pungu yuko mu orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini, pamoja na tai mkubwa yule Wafaransa wanamuita aigle martial.

Januari 2024 ulitoka utafiti mkubwa wa ndege wawindaji wa Afrika, aina 42, na asilimia 88 ya aina hizo zilikuwa zimepungua kwa miaka kama 20 mpaka 40, na nje ya mbuga wamepungua kwa kasi zaidi kuliko ndani. Hesabu zile zilifanywa kwa njia ya kawaida kabisa, watu mu gari barabarani wanahesabu wanachokiona, kisha miaka wanarudia barabara ile ile. Zilitoka Afrika ya Magharibi, kaskazini ya Kameruni, nchi ya Kenya na kaskazini ya Botswana. Angalieni ramani bandugu, katikati pale kuna shimo kubwa, na sisi njo shimo lenyewe. Tuko na mbuga ya Upemba tangu 1939, tuko na mbuga ya Kundelungu tangu 1970, tuko na mapori toka Kasenga mpaka Likasi, na barabara zetu hazimo mu hesabu ile.

Msifikiri hesabu za watu wa kawaida hazina nguvu. Afrika ya Kusini watu wa kujitolea walifanya atlasi ya ndege, ramani ya kuonyesha ndege gani yuko wapi, miaka ya 1980 na 90, wakaanza ya pili mu 2007, na watafiti walipolinganisha hizo mbili njo wakaonyesha kwamba yule aigle martial sasa anaonekana mu orodha chache kwa zaidi ya nusu kuliko zamani. Walioandika zile orodha wengi wao ni walimu, wastaafu, wanafunzi, watu waliotoka Jumamosi na darubini.

Haya, sasa vyombo.

Naanza na iNaturalist juu wengi njo wanaianza. Unapiga picha ya kitu chochote chenye uhai, unaituma, kompyuta inakupa pendekezo la jina, kisha watu wa dunia nzima wanathibitisha ao wanakusahihisha. Watu wawili wakikubaliana juu ya aina, na zaidi ya theluthi mbili ya waliosema wakiwa upande mmoja, inapanda daraja la utafiti. Kwa mtu ambaye hajui ndege ni shule nzuri, mimi mwenyewe nimejifunza humo. Lakini kwa ndege wa angani na telefone zetu hizi, e, ninyi mnajua. Nina picha yangu ya pungu wa kwanza niliyoipiga karibu na Kipushi, nilitetemeka mikono kwa furaha, kilichotoka ni alama nyeusi kama nzi juu ya shuka la bluu, kompyuta ikasema "ndege", na mpaka leo iko pale na jina hilo hilo, hakuna aliyeweza kuongeza neno. Picha zinakula mega za intaneti pia. Na shida kubwa ni nyingine, nitaifikia.

Mahali iNaturalist inashinda zote ni kwa ndege aliyekufa. Mwaka fulani nilikuta tai kishungi chini ya nguzo ya umeme, yule mwenye unyoya unaosimama kichwani, anapenda sana kukaa juu ya nguzo kuangalia panya. Alikuwa amelala chali, bawa moja wazi, na vidole vya mguu wa kuume vimeungua vyeusi mpaka kwenye kucha, vinanuka nywele zilizochomwa. Nilipiga picha tatu, moja ya bawa, moja ya mguu, moja ya nguzo yenyewe na vile nyaya zimefungwa. Mfu harukiruki, picha inatoka safi. Mu iNaturalist kuna sehemu ya kuweka alama kwamba amekufa, na picha ya nguzo inabaki pale kwa yeyote anayetafuta ni nguzo za aina gani zinazoua. Kwa sumu, kwa umeme, kwa manyoya mliyoyakuta sokoni kwa waganga, tumieni iNaturalist bila kujiuliza mara mbili. Lakini mzoga mnaoshuku una sumu msiuguse kwa mkono, hata kidogo, na watoto wakae mbali.

Sasa kaye. Mjomba wangu anakaa kijiji kimoja barabara ya Kasenga, kazi yake ni makala, na ana kaye ya shule anaandika magunia aliyouza na nani ana deni lake. Nilimuomba kurasa za nyuma aniandikie pungu, kila siku anayoenda pori aweke tarehe na idadi. Alikubali, pungu anamjua tangu utotoni kuliko mimi, anamtambua hata kwa kivuli kikipita chini. Nilirudi kisha miezi miwili nikakuta tarehe nne tu. Nikasema, mjomba, umeenda pori mara nne tu? Akacheka, "Hapana baba, ninaenda karibu kila siku, lakini siku zingine sikuona kitu, sasa niandike nini?"

Hapo, bandugu, njo moyo wa jambo lote. Siku ambayo umeenda na hukuona ni habari sawa na siku uliyoona, na kwa ndege anayepotea ni habari kubwa zaidi. Ukiandika tu siku ulizomuona, kaye yako itasema pungu yupo, yupo, yupo, mpaka siku ya mwisho, kisha inanyamaza, na mtu akiisoma hawezi kujua kama pungu njo aliisha ao mjomba njo aliacha kutembea. Tulikaa chini ya mwembe nikamueleza, akaelewa haraka, mtu wa magunia anajua maana ya siku ya kurudi mikono mitupu. Tangu siku ile kaye yake imejaa neno "hakuna", na saa aliyotoka, na saa aliyorudi.

Kwa hiyo kaye si kitu cha kudharau. Haiulizi mega, haiulizi kura, ni kusema umeme, mtu asiye na telefone anashika, na mzee anayejua pori anaingia mu kazi bila kusumbuliwa na vioo. Ubaya wake ni kwamba inakufa yenyewe. Mvua ya Januari ilipita mu nyasi za paa la mjomba ikala kurasa za miezi mitano, wino wa biki ukawa wingu moja la bluu. Kama mnachukua kaye, basi kila mwisho wa mwezi mmoja wenu apige picha kila ukurasa, na mtu mwenye telefone ahamishe. La sivyo mnafanyia mchwa kazi.

Ile shida ya iNaturalist niliyosema njo hiyo hiyo ya mjomba. Inaweka ulichokiona. Haina mahali pa "hakuna". Haijui ulitembea saa ngapi wala kilomita ngapi. Picha mia za pungu mu iNaturalist zinaweza kumaanisha pungu ni wengi, ao watu wenye kamera nzuri ni wengi.

eBird imejengwa juu ya swali hilo. Ilianza 2002, ya maabara ya ndege ya chuo cha Cornell kule Marekani pamoja na Audubon, ya bure, na iko kwa Kifaransa. Unabonyeza kuanza, inashika saa na inachora njia yako na GPS, unaandika kila aina na idadi, ukimaliza inakuuliza swali moja: je, hii ni orodha kamili ya ndege wote ulioweza kuwatambua? Ukijibu ndiyo kwa kweli, basi kila ndege ambaye hayumo mu orodha yako anahesabika kama hakuonekana. Ile "hakuna" ya mjomba inaandikwa yenyewe, kwa pungu, kwa tumbusi, kwa wote. Ukilinganisha orodha mia za Juni mwaka huu na orodha mia za Juni miaka kumi mbele, mtu anaweza kusema pungu alikuwa mu ngapi, sasa yuko mu ngapi.

Hapo vijana wengi wanakosea, nisikilizeni vizuri. "Kamili" haimaanishi unajua ndege wote wa Katanga. Inamaanisha wote uliowatambua umeandika, hukumruka shorewanda kwa sababu ni wa kawaida, hukuacha njiwa kwa sababu hakuvutii. Mkihesabu tai peke yao na kuacha wadogo, jibu la haki ni "hapana", na mkijibu "ndiyo" mnaharibu hesabu za wote. Kama kweli mnataka tai na tumbusi na mwewe tu, kuna apli ya GRIN ya shirika la The Peregrine Fund, ni ya ndege wawindaji peke yao. Sitaisema zaidi, mimi nimeitumia kidogo.

Vile tunavyofanya sisi: tuko na kipande cha kilomita 40 barabara ya Kasenga, tumekikata vipande 8 vya kilomita 5, kila kipande orodha yake, juu eBird yenyewe inashauri orodha isipite kilomita 8, ukiandika kilomita 40 mu orodha moja hakuna anayejua pungu alikuwa pori ao alikuwa juu ya shamba la mahindi. Tunaenda na pikipiki mbili polepole, anayeendesha haangalii ndege, anayeangalia haendeshi, na anayeandika ni mmoja. Na hatutoki saa 12 asubuhi kama wale wa ndege wadogo. Ndege wakubwa wanangoja jua liwashe hewa ndipo wapande, sisi tunaanza saa 3 mpaka saa 6. Mara moja kwa mwezi, kipande kile kile, hata mwezi ambao hakuna hamu. Kiangazi pori likiwaka moto mwewe na tai wanakusanyika pale wanakula panzi na panya wanaokimbia, siku hiyo utaona wengi, usije ukashangilia kwamba wameongezeka, linganisha Agosti na Agosti.

Bila rezo ya telefone eBird inafanya kazi, mradi upakue mapema kifurushi cha eneo ukiwa mjini, kisha orodha zinatumwa ukirudi, na orodha moja ya maandishi inakula mega kidogo sana. Chaji njo shida, GPS inanyonya, kwa hiyo ile usiku wa Ijumaa kura ikikosekana tunajua kesho tunaandika kwa kaye na kuingiza baadaye, eBird inakubali orodha ya nyuma kama una saa, mahali na umbali. Ukiandika ndege wa ajabu ao idadi ya ajabu, kuna mtu anayekagua, atakuuliza, usikasirike, mjibu tu ulichokiona.

BirdLasser ni ya ndugu zetu wa Afrika ya Kusini, na njo inayotumika kwa zile atlasi, ya kwao na ya nchi ya Kenya iliyoanza 2013, na ile ya Afrika nzima. Wao wamekata ardhi vipande vya mraba, kila kimoja dakika 5 kwa 5 za ramani, huku kwetu ni kama kilomita 9 kwa 9. Unaingia mu kipande chako, unafanya si chini ya saa 2, unajaribu kupita kila aina ya mahali, mto, pori, shamba, kijiji, unaandika aina kwa mpangilio ulivyoziona, na unaweza kuendelea kuongeza mpaka siku 5. Idadi si lazima, aina tu. Ninaipenda kwa jambo moja: inakupa kipande ambacho unaweza kusema ni chetu. Kikundi kikichukua kipande cha kijiji chao na kukirudia miaka, njo atlasi yenyewe. Kwa swali la "pungu anaishi wapi bado, ameondoka wapi" inafaa kabisa. Kwa swali la "ni wangapi barabara hii" eBird inaipita. Na wale wasiotembea sana, wanaokaa kijiji kimoja, BirdLasser inawafaa kuliko sisi wa pikipiki.

Kuhusu kiota, nitarefusha kidogo maana hapa niliumia. Mtu niliyemfundisha mwenyewe, kwa furaha tu, alituma picha ya kiota cha tai mu kikundi cha telefone, na jina la kijiji, na mti unaonekana na kilima nyuma. Kisha wiki tatu tulienda, mtu alikuwa amepanda juu ya mti, magome yamechubuka, kiota kitupu. Sijui nani. Sikumlaumu yule kijana, nilijilaumu mimi ambaye nilimfundisha darubini kabla ya kumfundisha kunyamaza. iNaturalist inaficha yenyewe mahali pa aina nyingi zilizo hatarini, inaonyesha watu mraba wa kama kilomita 22 kila upande, na unaweza kuficha mwenyewe ndege yeyote. eBird inaficha aina fulani tu, usitegemee kwamba yako imo, unaweza kuchelewesha orodha ao kuificha. Kaye ya mjomba haionwi na mtu. Kiota tunakiandika kwa kaye, tunakiangalia kwa mbali, na mwenye kujua ni mjomba, mimi na shefu wa kijiji.

Na shefu muanze naye, kabla ya apli yoyote. Watu sita wenye darubini karibu na carrière, machimbo ya madini, bila mtu kuwajua, mtajibu maswali mengi. Muende na barua ya parokia ao ya shule, msalimie, mueleze, mumuonyeshe picha ya pungu. Wengi wanamjua, watawaambia alipokuwa zamani.

Sasa kijana wangu wa Katuba, telefone tatu, darubini moja, watu sita. Ninyi chukueni eBird, si apli mbili wala tatu, eBird moja, akaunti moja ya kikundi, kipande kimoja kisichopita kilomita 20 ambacho mnaweza kukifika kila mwezi bila kuomba mtu pesa. Telefone ya pili iwe na iNaturalist, inakaa mfukoni kwa ajili ya mfu na manyoya tu. Ya tatu ibaki na chaji ya kuita watu. Mmoja kati ya sita awe wa kaye, aandike yote sambamba, jina la kipande, saa, waliokuwepo, hali ya hewa. Kama kati yenu kuna mwenye babu ao mjomba kijijini anayejua ndege, mpeni kaye na biki mbili, mweleze habari ya "hakuna". Wale wa Kasumbalesa ambao waliniandikia pia, ninyi hamtoki sana, mko na kipande kimoja chenu, BirdLasser itawafaa zaidi, na tutabadilishana.

Jumamosi iliyopita tulipita vipande 8 vyote. Mwewe 11, kishungi 2, furukombe 1 pale darajani analia. Pungu 0. Kipande cha sita, pale mjomba anaposema alikuwa anawaona wawili wawili kila asubuhi akienda pori, tulisimama dakika kumi zaidi, kisha tukajibu "ndiyo, ni kamili" na kuituma.